Mwenye Akili Timamu Amejifungia Bafuni

…akili timamu, haya, jaji amesema akili timamu, na mwenye akili timamu amejifungia bafuni, bomba liko wazi, maji yameanza kupenya chini ya mlango na kumlowesha Mwalimu soksi, maana hakuwahi hata kuvua soksi alizoendea mahakamani asubuhi, alivua viatu tu na kukimbilia jikoni kubandika maji ya chai, mama apate kitu cha moto kabla wageni hawajaingia, na alipogeuka kiti cha mama kitupu, na komeo la bafuni, kwa ndani, kacha… "Mama," akasema, mdomo karibu na mbao, sauti chini ili wasimsikie sebuleni, "mama, funga bomba," na mama akamjibu vizuri kabisa, kwa ile sauti yake ya kazini, ya miaka yote aliyokaa mbele ya ubao wa simu wa kiwanda akiwaunganisha wakubwa na wakubwa wenzao, "Subiri kidogo tafadhali, nakuunganisha," na bomba likaendelea kumwaga. Kuniunganisha na nani, mama, na malaika? Aligonga kwa kifundo cha kidole, polepole, "Komeo, mama, vuta komeo," na badala ya jibu wimbo, mama anaimba huko ndani, ana raha zake, mtu aliyeshinda kesi bila kujua kwamba kulikuwa na kesi.

Na huko sebuleni mdogo wake anacheka na mnunuzi, anacheka kile kicheko chake cha biashara, mdogo wake huyu ambaye tangu utotoni nyumba nzima inamwita Bwana Mdogo na sasa ana kitambi na mvi za pembeni na bado ni Bwana Mdogo, hakungoja hata watu wapumue, asubuhi uamuzi umesomwa, mchana huu huu kaja na mnunuzi, mzee mmoja mpole, kofia mkononi, na futi ya chuma ile inayojirudisha yenyewe, chwaa, tak, na kila inaporudi Mwalimu anahisi kama kafinywa. Wamepima sebule, wamepima chumba cha mama, sasa wanagonga kuta kusikiliza kama tofali ni zima… "Hapa pamechafuka tu, mzee wangu, rangi mpya itamaliza," anasema Bwana Mdogo, na Mwalimu bila kuona anajua anaonyesha wapi, anaonyesha ule mstari mweusi unaoanzia kitandani kwa mama, ukatoka mlangoni, ukafuata ukumbi usawa wa kiuno mpaka hapa bafuni, na ule si uchafu, ndugu yangu, ile ni njia, ni viganja vya mama hivyo, mama hajui leo ni lini wala kama amekula, lakini kiganja kinajua, kinashika ukuta, kinapita fremu ya mlango, kinapita ile kona yenye ufa, kinamfikisha, na kumrudisha pia kinamrudisha, sasa mchukue mtu huyo umpandishe kwenye fleti yako yenye lifti na kuta laini kama sahani, atashika nini, hebu niambie, atashika nini? Hilo ndilo lote analolipigania Mwalimu, si urithi, wala si bati hizi zinazovuja na uwanja wa nyuma uliojaa magugu, anapigania ukuta, mama afe akiwa anajua kufika chooni peke yake, basi, ni mengi hayo? Lakini jinsi ombi lake la kufanywa mlezi wa mama lilivyosomwa pale mahakamani, mbele za watu, lilisikika kama jambo la mtoto mwenye tamaa… "Mwombaji, ambaye anaishi katika nyumba hiyo bila kulipa pango," ndivyo alivyosema wakili wa Bwana Mdogo, bila kulipa pango! Na nani anayemwogesha mama, wakili msomi, nani anayefua mashuka, au mashuka nayo hujifua kwa akili timamu?

"Dada!" Bwana Mdogo, kutoka sebuleni. "Eeh!" "Bafu lipo wazi? Mzee angependa kulitupia jicho." "Mama anaoga," akasema Mwalimu, haraka, kwa sauti nyepesi, likamtoka lenyewe kama linavyomtoka siku zote, mama anaoga, mama amelala, mama leo kachoka kidogo, mama anasema ahsante… "Haya, hatuna haraka," akasema Bwana Mdogo, na futi ikafyatuka tena, tak. Hana haraka! Mwenye hati ya uwakilishi mkononi, mama kamtilia sahihi amuuzie nyumba kwa niaba yake, na sahihi hiyo sasa imebarikiwa na mahakama, ana haraka ya nini? Mama alitia sahihi mezani pale pale panapopimwa, Mwalimu akiwa shuleni anasahihisha madaftari, alirudi akakuta biskuti za kisasa mezani na mama kafurahi, "Alikuja kijana mmoja mzuri sana," mama akasema, "ana heshima," kijana mmoja, mama, yule ni mwanao, na hata siku ile hakumwambia Bwana Mdogo, kwa nini hakumwambia, kwa nini hakuchukua simu pale pale na kusema mama hakukujua wewe, mama alikusainia kama mtu anavyomsainia mpeleka vifurushi… hakusema kwa sababu lingemuuma, na kwa sababu lingemwaibisha mama, na huko kuaibisha ndiko ambako Mwalimu hawezi, anaweza mengine yote.

"Mama, funga bomba, utateleza," na ndani, "Laini ina shughuli kwa sasa," mama akasema, "jaribu tena baadaye," na Mwalimu akaegemeza paji la uso mlangoni, akataka kucheka na kulia, akakosa vyote. Komeo lenyewe hili. Seremala alishamwambia, nililegeze Mwalimu, niling'oe kabisa, nikuwekee kitasa kinachofunguka kwa nje, kazi ndogo tu, watu wenye wazee wote wanafanya hivyo, naye akamkatalia, akasema mama yangu hawezi kuoga kwenye mlango usio na komeo, ni mtu mzima, ana haya zake, na seremala akamtazama kama anavyotazamwa mtu anayekataa dawa… Haya, kaa na haya zako hapo nje, na soksi mbichi. Jaji naye, jaji alisema nini, maneno mazuri mazuri yale, "Mahakama hii imemwona mama huyu kwa macho yake na kumsikia kwa masikio yake, imemkuta ni mchangamfu, mwenye kumbukumbu na busara, na cheti cha daktari hakiwezi kushinda yale ambayo mahakama imejionea, ombi la kumteua mlezi wa kisheria linatupwa," na tena akaongeza, akiinua macho, akimtazama Mwalimu moja kwa moja, "Uzee si ugonjwa, na watoto wasiwe na pupa ya kuwazika wazazi walio hai," na watu waliokaa nyuma, wasiojua A wala B ya kesi hiyo, waliokuja kungoja kesi zao za mipaka na talaka, wakaguna kwa kuridhika, mmmh, na mama mmoja akamkata Mwalimu jicho akiwa anatoka. Kuwazika! Yeye aliyemlisha supu kijiko kwa kijiko ndiye anayezika, na aliyeleta futi ndiye mwana mwema.

Na hata kumlaani jaji hawezi vizuri, hiyo ndiyo inayomchoma, kwa sababu wakili wake alishamweleza na yeye alishaelewa, pale kwenye ngazi za mahakama, wakili wake kijana mwenye viatu vilivyolika visigino na faili zimejaa kifuani… "Zamani, Mwalimu, ukileta cheti cha daktari na ndugu mmoja wa kuthibitisha, siku hiyo hiyo unatoka mlezi. Watu wakaharibu. Ulikuwapo uamuzi wa rufaa juzijuzi, mzee mwenye shamba la miti ya mbao, watoto wakamtangaza kachanganyikiwa, kumbe miti imekomaa tu, mzee ana akili kuliko wote. Halafu ule wa bibi aliyewekewa mlezi bila hata kuitwa, akaja kushtuka kalala kwenye nyumba ya watu na kwake kumeuzwa. Tangu hapo majaji wameshikilia, hakuna mzee kunyang'anywa usemi wa mali yake mpaka asikilizwe mwenyewe, kwa kinywa chake." Na Mwalimu alipoyasikia mara ya kwanza, kabla ya kesi kuanza, alisema vizuri, safi kabisa, ndivyo inavyotakiwa, akasema hivyo kwa moyo wake wote, maana alimfikiria yule bibi akiamka kwenye chumba asichokijua, akipapasa… sheria nzuri, sheria ya kumlinda mama hasa, na imekuja kumlinda mama dhidi ya nani, dhidi ya yeye! Halafu wakili akasema, akiwa tayari kashuka ngazi mbili akageuka, "Rufaa ipo. Tutaomba asikilizwe upya, na wewe ukae nje ya chumba," na Mwalimu akauliza nje kwa nini, mama akiniona haniogopi, mama anatulia, na wakili akahamisha mafaili mkono wa pili, "Mwalimu, siku ile mama anahojiwa, niliona midomo yako. Ulikuwa unafanya nini?" "Nilikuwa namwomba Mungu." "Haya," wakili akasema, "nipigie leo, uniambie kama tunakwenda," na akaondoka zake, naye hakupiga, simu iko jikoni pembeni ya birika, na birika, Mungu wangu, birika bado liko motoni…

Namwomba Mungu. Siku ile jaji hakuketi hata juu, alikuwa na utu wake, alivua joho, wakaingia chumba kidogo cha pembeni chenye meza moja na feni inayolalamika, na mama katikati yao, gauni la kijani ambalo Mwalimu alilipiga pasi, akalitazama, akalipiga tena, nywele kachanwa, mafuta kapakwa, pochi mapajani tupu ila leso, na Mwalimu kakaa upande wa pili, machoni kwake kabisa. "Mama, unajua leo ni siku gani?" Mama akatabasamu, akamtazama jaji, kisha, haraka kama ndege, akamtazama binti yake… "Mheshimiwa, kwa umri wangu siku zote ni mamoja, hakuna anayeningoja kazini, lakini kwa kuwa umeuliza wewe, leo ni Jumatano." Ilikuwa Jumatano kweli. "Una watoto wangapi, mama?" "Wawili, mheshimiwa. Mmoja anafundisha na mwingine bado anafundishwa," na Bwana Mdogo akaangua kicheko, kafurahi, macho yamemlowa, mama yangu huyo, mama yangu yule yule! Na jaji akamsogezea karatasi, je, unakumbuka kutia sahihi hapa, na midomo ya Mwalimu ikatulia maana hilo hakulifundisha, hilo halikuwa na jibu la kufundisha, mama akaishika karatasi, akaipeleka mbali, akaileta karibu, akasema, "Sahihi nzuri hii, ya mtu aliyesoma. Kama ni yangu nilitia mimi, na kama si yangu basi aliyeiiga ana mkono mzuri," hata karani kalamu ilimponyoka, chumba kizima kikacheka, jaji akaandika, na Mwalimu, aliyeleta ombi hilo, aliyekuja pale kuthibitisha kwamba mama yake hajiwezi, alijisikia nini? Alijisikia fahari. Moyo ulimjaa kama siku ile mtoto wa darasa la kwanza aliyeshindikana anaposimama na kusoma sentensi nzima, alitaka kupiga makofi, umefaulu mama, umefaulu, na papo hapo akakumbuka kwamba kufaulu kwa mama kulikuwa ndiko kushindwa kwake.

Hilo hakuliweka midomoni mwa mama lakini hiyo Jumatano aliiweka, na hao watoto wawili pia. Jana yake mama alikuwa kwenye kiti chake pale, mchana, akauliza, "Kesho tunakwenda wapi?" na Mwalimu akasema kuna watu wazuri wanataka kukuuliza maswali mama, na vidole vya mama vikaanza kukunja pindo la gauni, kukunja na kukunjua, "Nikikosea?" akauliza, hivyo tu, nikikosea, kwa ile sauti ya mtoto aliyeachwa mlangoni mwa shule siku ya kwanza, na mwalimu gani wa darasa la kwanza anayeisikia sauti hiyo akakaa kimya? Akavuta kiti. Hutakosea, mama. Kesho ni Juma…? Na mama uso ukamfunguka, "…tano!" Vizuri sana. Una watoto wa…? "…wili!" Vizuri sana mama. Ndivyo anavyofundisha, ndivyo alivyofundishwa kufundisha, unaanza neno unaliacha hewani, hiki ni kita…? na darasa zima linapokea, …bu! na hakuna anayeaibika, asiyejua anadandia sauti za wenzake na kesho yake anajua, tofauti ni hiyo, yule wa darasani kesho yake anajua. Na mama hana wenzake wa kudandia, ana Mwalimu tu, chai ina suka…? …ri! yule aliyepita ni jira…? …ni! akija mgeni yeye anaanza mama anamaliza, wanacheka, mgeni anaondoka akisema bibi yuko imara, hongera, na imekuwa hivyo miaka, jamani, miaka, hata hajui lini ilianza, alidhani anamshika mama mkono, kumbe amekuwa akimfunika mama kwa kanga yake mwenyewe kila mlango unapogongwa, na leo analia kwamba hakuna anayemwona…

Na Bwana Mdogo je? Bwana Mdogo ambaye amemwita mlafi usoni, ukumbini mwa mahakama, "Dada, unataka mama aitwe kichaa ili ukae kwenye nyumba, mimi mama naongea naye kila Jumapili, hana tatizo lolote!" na kweli anaongea naye, hilo si uongo, kila Jumapili simu inalia na mama anaipokea kwa mkono wa kazi, na kwenye simu hakuna mtu duniani atakayempata mama kosa, hujambo mwanangu, sijambo, na kazi, na watoto, na mama watoto, na wazima wote huko, na mvua vipi, haya namshukuru Mungu, nasi wazima, wasalimie sana, wasalimie wote, na salamu zetu zilivyo ndefu hivi mtu anaweza kupoteza jina lake mwenyewe humo ndani na asigundulike, na Bwana Mdogo akizidisha, akiuliza jambo lenye mfupa, mama ile dawa ulimaliza, Mwalimu yuko pembeni ananong'ona, nime…? na mama anamalizia, nimemaliza mwanangu. Hata ile sikukuu waliyokwenda kulala kwenye fleti yake, Mwalimu alitembea na mama chumba hadi chumba, kamshika kiwiko, huku ni cho…? huku ni ji…? na Bwana Mdogo akawa anawaambia wageni wake, mnaona, mama kazoea siku moja tu. Sasa mtu huyo anadanganya nini? Hadanganyi. Jaji naye hakukosea, jaji aliuliza akajibiwa. Na hasira yote aliyokuja nayo kutoka mahakamani, aliyoibeba njia nzima kifuani akiwagawia, hii ya jaji, hii ya wakili msomi, hii ya Bwana Mdogo na biskuti zake, ikasimama pale ukumbini ikakosa wa kupewa, Mwalimu akabaki nayo mwenyewe, na miguu imelowa mpaka moyoni… akajua kwamba shahidi aliyemwangusha alikuwa yeye, kakaa kiti cha mbele kanyooka, na midomo inacheza.

"Dada, kuna bomba limepasuka?" Viatu vya Bwana Mdogo, chwa, chwa, majini, na nyuma yake mnunuzi kasimama pakavu, kofia kifuani, anatazama maji yanavyoelekea sebuleni kwa adabu ya mtu anayejiandaa kupunguza bei. "Mama yumo ndani," Mwalimu akasema. "Sasa ndiyo anaoga mafuriko?" akasema Bwana Mdogo, na bado anatania, bado ana furaha ya asubuhi, akamsogeza dada yake kando kwa bega, akagonga kwa kiganja kizima, pa pa pa, "Mama! Mama mpenzi! Tuachie na sisi maji kidogo!" Wimbo ndani ukakatika. Na Mwalimu akajua, kwa ngozi, kabla ya sauti, akajua uso wa mama ukoje sasa hivi nyuma ya mbao ile, macho yanatafuta, mkono umeshika ukuta, na kichwa kimeelekea upande ambako siku zote neno hutokea. "Naam," mama akasema, sauti ya kazini, tamu, "naongea na nani?" "Ni mimi, mama!" "Nani mwenzangu?" "Mimi! Fungua, bwana!" na Bwana Mdogo akamgeukia mnunuzi akicheka, mnamsikia, huyu mama ni balaa, ndivyo alivyo, anatutania, halafu akamgeukia dada yake, kicheko bado mdomoni, nyusi juu, akimwachia nafasi.

Na neno lilikuwapo. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, tayari limekaa, Bwana Mdo…? ni nusu tu, pumzi tu, mama angelidaka huko ndani, "…go!" angesema, na kicheko chake kile, Bwana Mdogo wangu, umekuja! na komeo lingevutwa, na mama angetoka kalowa chapachapa anacheka, mnunuzi angeona bafu, Bwana Mdogo angesema si nilikwambia, na kesho au keshokutwa rangi mpya ingepita juu ya ule mstari… nusu ya neno, na mama asingeaibika. Mwalimu akauma midomo. Hakuwahi kufanya kazi ngumu kama hiyo, aliisikia ile nusu ikimsukuma meno kwa ndani, na akasikia mama akingoja, hakuna anayejua kungoja huko isipokuwa yeye, mama anamngojea yeye, yuko wapi leo mbona haji, na ilimuuma, ilimuuma kama kumwachia mtoto mkono katikati ya barabara, nisamehe mama, akasema moyoni, nisamehe, leo jibu mwenyewe, na hakuna kilichosikika ila bomba. "Mama?" akasema Bwana Mdogo. Kicheko hakikuwapo tena. "Mama, ni mimi. Mwanao." Futi ikajirudisha yenyewe huko nyuma, tak, na mnunuzi akaishika haraka kuinyamazisha. "Mama… hunijui?"

Bomba likamwaga, likamwaga. Kisha sauti ikatoka karibu sana, kama mtu kaweka shavu kwenye mbao upande wa pili, na haikuwa sauti ya kazini, ile tamu ilikuwa imeisha, ilikuwa sauti ndogo, ya mtu aliye peke yake na anayeogopa. "Sikutambui, mwanangu," mama akasema. "Sikutambui kabisa. Lakini usikate." Na Bwana Mdogo, kiganja bado mlangoni, akamgeukia dada yake mdomo wazi, akingoja asaidiwe, naye akamtazama hivyo hivyo, machozi yanamtoka, hakumsaidia, na komeo bado lilikuwa limefungwa.